Je, Wakati wa Vita Mfanyakazi Anyamaze?

Watu kumi na wawili walitumwa na kijiji chao kukata mti mkubwa msituni, ili uwe daraja la mto. Mawingu yalikuwa yametanda, na maji yalikuwa yameanza kupanda. Waliuinua mti mabegani, wakashika njia kwa haraka. Walipofika katikati ya safari, mmoja wa wale waliokuwa nyuma alikanyaga mwiba. Akaita: «Ndugu zangu, simameni kidogo, nimechomwa.» Aliyekuwa mbele akamjibu kwa ukali: «Nyamaza! Mto unajaa. Huu si wakati wa miiba.» Yule mtu akanyamaza, akaendelea kwa kuchechemea. Akaita mara ya pili, akatukanwa. Mara ya tatu hakuita tena, alianguka. Mti ukawaangukia wenzake, ukamvunja mguu yule aliyekuwa karibu naye, na jioni ile daraja halikujengwa.

Ulizo lenyewe

Nani alikuwa adui wa daraja? Je, ni yule aliyeita kwa ajili ya maumivu yake, au ni yule aliyemnyamazisha? Kila mtu atajibu upesi: «Ni yule aliyemnyamazisha.» Lakini vita vinapofika nchini, watu hao hao hubadili jibu lao. Mkubwa husema: «Nchi ina adui, asiye na subira ni rafiki wa adui.» Tajiri husema: «Sasa yahitajiwa kazi, hayahitajiwi madai.» Hata wanyonge wenyewe huambiana: «Mwenye nguvu mpishe.»

Basi ulizo ni hili: je, vita vyamwondolea mfanyakazi haki ya kusema shida yake, na haki ya kuungana na wenzake ili waiseme pamoja? Tena, kama havimwondolei haki hiyo, je, ana ruhusa ya kusema lolote apendalo? Maulizo haya ni mapacha. Anayejibu la kwanza na kuliacha la pili atapotea njia, na anayejibu la pili na kuliacha la kwanza atapotea vile vile. Ninyi mnaojitayarisha kupokea Ubatizo mtaulizwa mambo hayo na jirani zenu, sokoni na njiani, kwa maana nchi ya Congo imejua vita kwa miaka mingi. Yafaa yachunguzwe kwa utulivu, kuanzia jambo lililotokea kweli katika nchi hii hii.

Yaliyotokea Katanga mwaka 1941

Tarehe 10 Mei 1940 majeshi ya Hitler yaliingia Ubelgiji, na baada ya siku 18 jeshi la Wabelgiji liliweka silaha chini. Lakini Congo, iliyokuwa koloni la Ubelgiji, haikuacha vita. Iliendelea upande wa Waingereza. Askari Wakongo walikwenda mpaka Abisinia, wakawashinda Waitalia huko Saio mwezi wa Julai 1941.

Wale waliobaki nyumbani walipewa vita vya namna nyingine. Vijijini, siku za kazi za lazima ziliongezwa mwaka 1942 kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa msituni kutafuta mpira. Katika Katanga, kampuni kubwa ya Union Minière ilichimba shaba kwa ajili ya vita, kwa maana risasi na nyaya hazitengenezwi bila shaba. Na huko Shinkolobwe, karibu na mji wa Jadotville unaoitwa leo Likasi, yalitoka mawe ya urani yaliyopelekwa Marekani. Urani hiyo iliingia katika bomu lililoteketeza mji wa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Wachimbaji hawakuambiwa mawe yale yangefanya kazi gani.

Watu hao, basi, walikuwa wakivibeba vita mabegani, kama wale wabeba-mti wa hadithi. Na mwiba wao ulikuwa nini? Bei ya vitu vya dukani ilipanda kwa sababu ya vita, lakini mshahara haukuifuata. Mafundi Wazungu walikuwa na chama chao, nacho kilisema kwa ajili yao. Wafanyakazi Weusi hawakuruhusiwa na sheria kuwa na chama. Hawakuwa na mlango wa kubisha. Mtu akienda peke yake mbele ya kapita, alihesabiwa kuwa mkaidi. Wakienda wengi, walihesabiwa kuwa waasi.

Mwanzoni mwa Desemba 1941 waliweka vyombo chini, kwanza Jadotville, kisha Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Walidai mshahara upandishwe kutoka faranga 1,50 hadi faranga 2. Nusu faranga! Hawakudai mgodi uwe wao, wala hawakumwita Hitler aje awatawale. Huko Jadotville askari walipiga bunduki, watu wakafa. Huko Elisabethville wagomaji walikusanyika katika uwanja wa mpira. Tarehe 9 Desemba, siku mbili baada ya Wajapani kuipiga bandari ya Pearl Harbor ya Wamarekani, gavana wa jimbo, Amour Maron, alikuwapo uwanjani pamoja na askari. Nyongeza ilitajwa, lakini wagomaji hawakuridhika nayo. Ndipo risasi zilipopigwa. Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wa wenzake, aliuawa hapo hapo. Hesabu za waliokufa hazilingani, lakini yajulikana kwamba walikuwa makumi. Kesho yake, tarehe 10, kazi ilianza tena.

Kidonda kilichofunikwa

Wenye kuitetea amri ile watataja vita: shaba haikuweza kungoja. Hoja hiyo isidharauliwe. Ni kweli kwamba Hitler alikuwa mtu wa kuogopwa, tena ni kweli kwamba shaba ilihitajiwa. Wala si kila kazi yaweza kusimamishwa saa yoyote. Muuguzi hawezi kumwacha mgonjwa anayetokwa damu, wala mpiga-kasia hawezi kuutupa upondo katikati ya mto.

Lakini chunguzeni vizuri. Yule aliyehitajiwa kuliko wote ndiye aliyesikilizwa kidogo kuliko wote. Kama shaba ilikuwa ya lazima, mikono iliyoichimba nayo ilikuwa ya lazima. Na mwenye mikono hula, na watoto wake hula. Vita vilitumiwa kuuongeza mzigo, kisha vikatumiwa kumkataza mbebaji asiseme kwamba mzigo umeongezwa. Panga lenye makali pande mbili, na pande zote mbili zamkata mtu yule yule, hilo si panga la haki.

Tena kunyamazisha hakukuleta amani. Wahenga walisema: Mficha maradhi kifo humfichua. Mwezi wa Februari 1944 askari waliasi Luluabourg, ndiyo Kananga ya leo. Mwezi wa Novemba 1945 wafanyakazi wa bandari ya Matadi waligoma, na damu ikamwagika tena. Hatimaye, mwaka 1946, serikali ya kikoloni yenyewe iliruhusu vyama vya wafanyakazi Weusi, ingawa iliwafunga kamba nyingi. Na mwaka 1957 kamba hizo zililegezwa. Basi jambo lililohesabiwa kuwa uasi mwaka 1941 liliandikwa katika sheria miaka mitano baadaye. Haki ilikuwa haki tangu mwanzo. Masikio ndiyo yaliyochelewa. Na wafu wa uwanja wa mpira hawakurudi.

Wala mtu asidhani kwamba kosa hili ni la Wazungu peke yao. Mwaka 1967, nchi ikiwa imekwisha kupata uhuru, serikali ya Mobutu iliviunganisha vyama vyote vya wafanyakazi kuwa chama kimoja, na hali hiyo ilidumu hadi mwaka 1990. Chama kisichoweza kumwambia mkubwa «hapana» ni kama ngoma iliyotoboka ngozi: kwa macho ni ngoma, lakini masikio hayapati kitu.

Lakini kuna maneno yanayoua

Sasa lijibiwe ulizo la pili. Kama mfanyakazi ana haki ya kusema, je, kila neno lasamehewa kwa kuwa ni neno tu?

Sivyo. Mwezi wa Julai 1993 redio iliyoitwa RTLM ilianza kusema huko Kigali. Ilicheza muziki mzuri, ilifanya mzaha, na watu waliipenda. Pamoja na muziki na mzaha iliwaita Watutsi mende. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, redio hiyo iliwatia moyo wauaji na kuwataja watu wa kutafutwa. Katika muda wa siku 100 hivi waliuawa watu mamia ya maelfu. Mwezi wa Julai mwaka ule ule watu kwa mamia ya maelfu walivuka mpaka wakaingia Kivu, na wazee wa Goma na Bukavu wakumbuka walivyolala barabarani na walivyokufa kwa kipindupindu. Mwezi wa Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu watu watatu, wawili kwa ajili ya redio ile na mmoja kwa ajili ya gazeti lake. Watu hao walihukumiwa kwa ajili ya kazi ya ulimi na kalamu. Kweli, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Siku hizi redio imeingia mfukoni mwa kila mtu. Kijana mwenye simu aweza kutuma neno kwa watu elfu moja bila kuinuka kitini. Picha ya maiti iliyopigwa katika nchi nyingine, miaka kumi iliyopita, yatumwa kana kwamba ni ya jana, kilima cha pili. Sauti isiyo na mwenyewe yasema: «Watu wa kabila fulani wamewauza ninyi kwa adui.» Kila anayeisikia hutetemeka, na kabla hajauliza ameituma kwa wengine. Kabla ya jioni mtu asiye na kosa amefukuzwa kwake kwa mawe.

Wakubwa wakiona hayo hupata sababu ya kusema: «Basi na wafungwe midomo wote.» Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika Congo kwa muda wa siku 20 hivi. Mwezi wa Mei 2021 majimbo ya Ituri na Kivu ya Kaskazini yaliwekwa chini ya utawala wa kijeshi kwa sababu ya vita, na mahakama za askari zikapewa nguvu ya kuwahukumu raia. Kuzuia sumu ni jambo jema. Lakini sumu ni chungu, na dawa nayo ni chungu. Mkubwa anayemwaga kila kichungu atabaki bila dawa.

Namna ya kulipima neno

Yampasa Mkristu, basi, ajue kupambanua kilio na sumu. Asipime kwa ukali wa sauti, kwa maana mwenye uchungu hulia kwa nguvu, na mchawi hunong'ona. Wala asipime kwa kuuliza kama neno lampendeza mkubwa. Ziko alama nne.

Ya kwanza: Je, neno ni la kweli? Amri ya nane yakataza kumshuhudia mwenzako uwongo. Haisemi kwamba wakati wa vita uwongo umeruhusiwa, wala haisemi kwamba anayetuma uwongo wa mwingine ana mikono safi. Ambaye hajui kama jambo ni kweli, naye alipitisha mbele, amekuwa kama mtu anayegawa uyoga asioujua.

Ya pili: Je, neno lina mwenyewe? Mpoyi alisimama mbele ya gavana, uso wake ukionekana, na maneno yake yaliweza kujibiwa. Sumu hupenda giza. Hata hivyo, yuko mtu anayeficha jina lake kwa kuwa ametishwa kuuawa. Huyo asihukumiwe upesi. Lawama ya kujificha kwake iwaangukie waliomtisha.

Ya tatu: Neno lamwendea nani? Kilio chamwendea yule mwenye nguvu ya kutengeneza: mwenye kazi, mkuu, hakimu. Sumu humwendea jirani dhaifu, ambaye hakupunguza mshahara wa mtu wala hakupandisha bei ya chumvi.

Ya nne: Neno lataka nini? Kilio chataka jibu, na kikijibiwa kwa haki chanyamaza chenyewe. Sumu haitaki jibu. Ukiijibu leo, kesho inakuja na jina jingine.

Mwenye kuzishika alama hizo ataona jambo ambalo wakubwa wengi hawalioni. Kilio na sumu si ndugu, ni maadui. Mahali kilio kinaposikilizwa, sumu hukosa wanunuzi. Mahali kilio kinapozibwa, sumu hupata soko. Mchimbaji anayeweza kuuliza kwenye chama chake kwa nini mshahara umechelewa, akajibiwa kwa hesabu, hana haja ya kusikiliza uvumi kwamba kabila fulani limeula. Lakini yule asiye na mahali pa kuuliza ataupokea uvumi, kwa maana mwenye kiu kali hachagui kisima. Mwezi wa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, mabenki yalifungwa, na watu wengi wenye mshahara walikosa pa kuupokea. Katika siku za namna hiyo habari ya kweli yatakiwa kama vile unga watakiwa. Anayewakataza watu kuulizana na kujibiana ili kuuzuia uvumi, aumwagilia maji.

Chama cha wafanyakazi ni nini?

Hapo ndipo inapoonekana faida ya chama cha wafanyakazi, kile ambacho watu wa mjini hukiita sendika. Wengine hufikiri kwamba ni kundi la watu wa kupiga kelele. Kumbe kazi yake ya kwanza ni kuligeuza fujo la vilio mia kuwa neno moja lenye kujibika.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu mmoja akidai, hufukuzwa. Wote wakidai bila utaratibu, ni ghasia. Lakini wakiwa na chama, kwanza huulizana wenyewe: «Je, madai haya ni ya kweli? Nani ameona? Hesabu iko wapi?» Hivyo uwongo hukamatwa nyumbani kabla ya kutoka nje. Kisha huchagua watu wa kusema, ndipo neno lapata uso. Mwisho huweka muda wa kungoja jibu, ndipo hasira yapata mlango na haivunji ukuta.

Kanisa halikuchelewa kuliona hilo. Mwaka 1891 Papa Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum, aliwatetea wafanyakazi na kukubali vyama vyao, wakati ambapo wenye viwanda wengi wa Ulaya waliviogopa. Mwaka 1963 Papa Yohane wa 23, katika Pacem in Terris, alifundisha kwamba kila mtu ana haki ya kutafuta ukweli na kutoa mawazo yake, katika mipaka ya maadili na ya faida ya wote. Mwaka 1965 Mtaguso wa Vatikano wa pili ulisema kwamba kuunda vyama vya kazi kwa uhuru ni haki ya msingi ya mtu, na kwamba mgomo waweza kuwa njia ya lazima, lakini ni njia ya mwisho. Na hata hapo yapasa kurudi upesi kwenye mazungumzo.

Maneno «njia ya mwisho» yawe moyoni mwa kila mfanyakazi, hasa wakati wa vita. Viko vyama vilivyoharibika. Wako viongozi wanaokula michango ya wenzao, na wengine hupewa bahasha usiku, asubuhi wakaja kusema kwamba madai yamekwisha. Wako pia wanaowapiga wenzao waliokataa kugoma. Hao wote wamekiuza kilio na kununua sumu. Lakini kisima kilichochafuliwa husafishwa. Hakifukiwi, kwa maana watu watakunywa nini?

Mfano wa Polandi

Labda mtu atasema: «Haya ni maneno mazuri, lakini mwenye bunduki hasikii.» Yafaa, basi, kutazama nchi nyingine iliyopitia mlango huo huo.

Mwezi wa Agosti 1980, katika mji wa Gdańsk huko Polandi, wafanyakazi wa kiwanda cha merikebu waligoma. Sababu iliyowasha moto ilikuwa kufukuzwa kwa mwanamke mmoja, Anna Walentynowicz, aliyekuwa akiendesha mashine ya kuinua mizigo. Waliongozwa na fundi wa umeme, Lech Wałęsa. Waliandika madai 21 juu ya mbao, wakazitundika kwenye lango la kiwanda ili kila mtu asome. Dai la kwanza lilikuwa vyama huru vya wafanyakazi. La pili, haki ya kugoma. La tatu, uhuru wa kusema na kuchapa maandiko. Watu wa jasho waliona wenyewe kwamba chama na neno ni mkono wa kuume na mkono wa kushoto. Tarehe 31 Agosti serikali ilitia sahihi. Chama chao kiliitwa Solidarność, maana yake mshikamano, na kilifika wanachama karibu milioni 10.

Tarehe 13 Desemba 1981 serikali iliyarudisha maneno yake. Haikushambuliwa na nchi yoyote, lakini ilitangaza kile ambacho kwa lugha ya kwao chaitwa «hali ya vita». Tazameni jinsi jina la vita linavyopendwa na wenye kutaka kimya! Nyaya za simu zilikatwa, viongozi wa chama wakafungwa, na siku tatu baadaye, katika mgodi wa makaa wa Wujek, wachimbaji tisa waliuawa kwa risasi. Miaka 40 kamili baada ya uwanja wa Elisabethville, tena katika mwezi ule ule wa Desemba, wachimbaji wengine walikufa kwa sababu ile ile.

Lakini safari hii kilio hakikugeuka kuwa sumu. Padri mmoja wa Warsaw, Jerzy Popiełuszko, aliwakusanya wafanyakazi katika Misa na kuwafundisha kuushinda ubaya kwa wema. Hakuwaambia wanyamaze, wala hakuwaambia waue. Tarehe 19 Oktoba 1984 polisi wa siri walimteka na kumwua. Maelfu na maelfu walikuja kumzika, nao hawakulipiza kisasi kwa damu. Mwaka 1989 wakubwa walikubali kuketi meza moja na watu wale wale waliokuwa wamewafunga, na mwezi wa Juni watu wakapiga kura. Mwaka 2010 Kanisa lilimtangaza Padri Jerzy kuwa Mwenyeheri.

Mwenye bunduki, basi, husikia, ingawa husikia polepole. Husikia upesi zaidi pale ambapo neno ni la kweli, lina mwenyewe, lamwendea ahusikaye, na lataka kutengeneza.

Wajibu wa kila mmoja

Mkubwa wakati wa vita ana haki ya kuficha siri ya majeshi: njia ya askari, mahali pa silaha, saa ya safari. Hakuna mfanyakazi mwema atakayeitangaza. Lakini mshahara usiolipwa si siri ya vita. Njaa ya mtoto wa mwalimu si siri ya vita. Mgodi unaobomoka juu ya wachimbaji si siri ya vita. Anayeyaweka mambo hayo chini ya kifuniko cha vita aiba kifuniko kisicho chake.

Mfanyakazi naye, akitaka kilio chake kiheshimiwe, akilinde na uwongo kama alindavyo mbegu na mdudu. Aulize kabla ya kutuma. Atie jina lake anapoweza. Asimtwike jirani wa kabila jingine kosa la mwenye kazi. Na anapogoma, akumbuke mgonjwa, mtoto na mzee wasioweza kungoja.

Na mtu wa kijijini, asiye na kapita wala kampuni, asidhani kwamba jambo hili halimhusu. Vijijini ndiko watoto wanakojifunza kama mdogo aweza kusema mbele ya mkubwa. Baba anayemwambia mtoto wake «Nyamaza, mimi nimesema!» pale mtoto anapoleta habari ya kweli, amfundisha mmoja kati ya mambo mawili: kusema uwongo, au kunong'ona gizani. Baraza linalomsikiliza mjane mpaka mwisho limekwisha kuanza kazi ya amani ya nchi nzima.

Wale wabeba-mti wa hadithi walirudi msituni siku ya pili. Walimkalisha mwenzao chini, wakautoa mwiba. Kazi hiyo ilichukua muda wa mtu kuvuta pumzi mara chache. Kisha waliuinua mti, wakaufikisha. Lakini usiku uliotangulia mto ulikuwa umejaa, na wale waliokuwa ng'ambo na wagonjwa wao walilala huko wakingoja daraja.

Maulizo ya kukumbuka

Je, vita vyamwondolea mfanyakazi haki ya kusema shida yake? — Havimwondolei. Vyamwongezea mzigo, kwa hiyo vyamwongezea mkubwa wajibu wa kumsikiliza.

Je, kila neno lina ruhusa? — Hapana. Neno la uwongo linalomwelekeza mtu kumdhuru jirani ni dhambi, hata likisemwa kwa simu na hata likiwa la mtu mwingine.

Neno lapimwaje? — Kwa alama nne: ukweli wake, mwenyewe wake, ahusikaye, na lile linalotakwa.

Chama cha wafanyakazi ni cha nini? — Ni cha kuvikusanya vilio, kuvisafisha na uwongo, na kuvipeleka kwa mwenye kujibu.